Kiberiti cha Siku ya Sabato

Miaka ile ya foleni tulipanga chumba kimoja Kariakoo, katika nyumba yenye ukumbi wa kati na uani pa kutumia wote. Mume wangu alikuwa mzee wa kanisa letu, lililoshika sabato kwa ukali. Jua likizama Ijumaa, kwetu hakuna kuwasha moto mpaka lizame Jumamosi. Nilipika mapema tukala kiporo, na yeye mwenyewe alikiweka kiberiti kabatini, chini ya mashuka. Wapangaji wenzetu, karibu wote Waislamu wa pwani, aliwaelezea mambo hayo tangu tulipohamia, nao wakayashika kuliko baadhi ya waumini wetu. Mtoto akija kutuomba moto Jumamosi, mama yake humwita arudi haraka.

Jumamosi moja ya mvua mume wangu alitangulia kanisani. Nilikuwa najifunga kitambaa kichwani niliposikia kichanga kikilia chumba cha pili. Jirani yangu ndiyo kwanza alikuwa amejifungua. Nikafurahi, ila furaha haikudumu. Kuta zetu hazikufika darini, kila neno lilivuka, na nilimsikia mzazi akitetemeka mpaka meno yanagongana. Mkunga alitaka maji ya moto ya kumkanda, na uji. Mama mkwe wa mzazi akamwambia mkaa haujaonekana sokoni wiki nzima, kuni zimelowa, na mwanawe yuko kwenye foleni ya mafuta ya taa.

"Na jirani huyu hana jiko?" mkunga akauliza.

"Analo," mama mkwe akajibu kwa sauti ya chini. "Lakini leo sabato yao. Tusimtie dhambini."

Maneno yale yalinichoma. Nilimwogopa Mungu, nisiseme uongo, lakini zaidi niliwaogopa wazee wa kanisa ambao mume wangu angewaleta kula kwetu baada ya ibada. Mwanamke mwenzangu anatetemeka ng'ambo ya ukuta kwa kuniheshimu mimi, na uvunguni mwangu kuna jiko limejaa mafuta! Nikamwaza Yesu niliyekuwa nikimwimbia kila juma. Mgonjwa alipokuwa mbele yake siku kama hii, alingoja jua lizame?

Nikakitoa kiberiti kabatini, nikalipeleka jiko ukumbini, nikawasha. Njiti za kwanza zikavunjika. Maji nayo yalichelewa kuchemka, utadhani yananikomoa. Mkunga akamkanda mzazi, nikakoroga uji wa pilipili manga, akaunywa taratibu mpaka uso wake ukarudiwa na uhai. Nilikuwa nimechuchumaa nachemsha maji mengine wakati mlango wa mbele ulipofunguliwa. Mume wangu na wazee wenzake wawili.

Mmoja aliuliza jiko lile ni la nani. Nikasema ni langu, jirani amejifungua na baridi inamwua. Alimgeukia mume wangu, akangoja, na nilijua anachongoja: nikemewe, moto uzimwe, cheo cha mume wangu kipone.

Mume wangu alivua koti, akachuchumaa kando yangu, akalitikisa jiko kidogo.

"Mafuta yatatosha?" akaniuliza.

Wageni walikula kiporo chao, wakaaga mapema. Katikati ya juma aliitwa kwenye baraza la kanisa, akarudi si mzee wa kanisa tena. Nililia sana. Yeye hakunisimulia walichomwambia, nami sikumchokonoa. Sabato tuliendelea kuishika, maana tuliipenda.

Ijumaa ile, jua likikaribia kuzama, nilimwona akilitoa jiko uvunguni na kiberiti kabatini. Nikadhani anataka kuvificha nisivione. Akavibeba mpaka ukumbini, akaviweka kando ya mlango wa jirani, akamwamkia yule mama mkwe.

"Mama, hili jiko litakaa hapa," akamwambia. "Jumamosi msingoje kubisha hodi."