Mbuzi wa Melkiori

Eliana wa kijiji cha Ihanja ni mtu wa kuota mchana kweupe. Mashine ya kukamua alizeti ikinguruma, yeye hayupo, macho yameganda kwenye vumbi la makapi. Wenzake wa kazini humtania kwamba ipo siku atajikamua mwenyewe.

Siku hizo alikuwa akiota kompyuta ya marehemu kaka yake, Melkiori. Ilidondoka, na tangu hapo ikiwashwa huleta kioo cheusi tu cha kuandikia amri, bila hata kipicha kimoja cha kubofya. Humo ndani ilikuwemo sauti ya Melkiori, aliyojirekodi akiita mbuzi. Mama yao hakubakiwa na sauti nyingine ya mwanawe, na Eliana alitamani sana kumrudishia ile.

Basi kwenye kozi yake ya kompyuta ya Jumamosi mjini Singida, mwalimu akawapa zoezi la kuandika programu ndogo ya kuorodhesha mafaili. Eliana alirudi nyumbani anatembea kama haukanyagi mchanga.

Programu ya kwanza, aliyoiandika kwenye kompyuta ya Melkiori, ilitoa idadi tu ya mafaili. Akamwonyesha mama, aliyesimama mlangoni mwa zizi jua likizama. Mama akageuza uso.

"Unahesabu vya marehemu? Hata mbuzi hatuwahesabu, mwanangu. Wanaitwa, kila mmoja kwa jina lake."

Eliana akakaa kwenye jiwe, akaandika upya, programu itaje majina. Yakashuka kiooni taratibu, moja nyuma ya lingine, naye akayaona kama mbuzi wanaoingia. La sauti halikuwemo. Machozi yakamlenga.

"Wameisha?" mama akauliza.

"Wameisha, mama."

"Na wale wadogo? Si wanalala kibandani, humo humo zizini? Ukiishia mlangoni utasema wamepotea."

Eliana akacheka huku analia. Programu yake ilikuwa ikikuta folda inataja jina la folda, basi, inapita. Akaifundisha kuingia ndani, na ikikuta folda nyingine humo, iingie tena, mpaka mwisho.

Chini kabisa likatokea jina: mbuzi_jioni. Akaandika amri ya kulicheza.

"Kidoti! Shangazi! Mapembe, njoo, njoo!" Melkiori akaita.

Mama akashika mti wa zizi. Ndani, Kidoti, mbuzi mzee, akainuka, akalia, akaja mpaka mlangoni na kusimama akitazama njia ya malishoni. Mama naye akaitazama.