Jirani Aliyelaza Mabua

Kabla ya kunisalimu, jirani yangu wa mtaa wa Gasenyi alikuwa akiokota donge la udongo, analivunja kwa kidole gumba, kisha ananusa. Hakuacha hata mwaka ule wa vita, risasi zilipokuwa zikilia vilimani sisi tukiwa shambani. Wanajeshi walipoamuru mahindi yote yakatwe ili waasi wasijifiche humo, mimi nilikata nikachoma. Yeye alikata akayalaza mabua kati ya mistari ya maharagwe, jicho moja barabarani walikosimama wanajeshi.

“Mama, unafuga nyoka hapo?” nilimtania.

“Mwalimu, we umesoma, lakini udongo yako iko uchi.”

Mvua iliponyesha, kwangu maji yaliteremka na rutuba na ardhi ikaganda kama tofali. Kwake yalizama polepole, minyoo ikajaa chini ya mabua. Maharagwe yake yalikuwa yametoa maua wanajeshi walipotuamuru tuhame mtaa siku hiyo hiyo. Akiwa na godoro kichwani, aligeuka mbio kufunika kwa mabua sehemu ya shamba ambayo upepo ulikuwa umeifunua. Nilimvuta mkono.

“Niache, Mwalimu,” alisema. “Mutu mwenye atakula hapa, hata kama ni huyu anatufukuza, asikute udongo imekufa.”