Makumbusho Niliyoingia Bila Hodi

Kabla hamjaisikia kwa Kastori, ambaye anaisimulia kwa kuitia chumvi mpaka watu wanashika mbavu, bora niwaambie mwenyewe: ni kweli, niliingia kwenye matanga ya watu kule Lipingo nikidhani ni makumbusho, nikavipanga upya vitu vya marehemu na kuviwekea karatasi za maelezo. Hayo yote ni kweli na nayaonea haya mpaka leo. Lakini sikubali kwamba kosa lilikuwa langu peke yangu, na mkimaliza kucheka nitaomba mnieleze mtu angejuaje.

Mnanijua. Mimi ni mtu nisiyelala kama kitu hakijakaa sawa. Mama analalamika kwamba nampangia kuni kwa unene (nampangia, ndiyo, na moto unawaka vizuri zaidi, ila hataki kukiri). Shule niliishia darasa la saba, mengine yote nimejifundisha kwa kusoma chochote chenye maandishi, vitabu vya parokia, magazeti ya kufungia maandazi, hata maelezo ya kwenye mifuko ya mbolea. Sasa tangu wanunuzi binafsi waanze kupanda huku Mkumbi na malori yao na kununua kahawa mlangoni kwa mtu, ghala la chama chetu cha msingi cha ushirika limebaki la popo, na kata ikaamua lifanywe makumbusho madogo ya vitu vya Wamatengo, majembe ya kuchimbia ngoro (yale mashimo yetu ya kulimia mlimani), mawe ya kusagia, vyungu, ngoma, ili watalii wakija wapate pa kuingia. Akatakiwa mtu mmoja wa kuyatunza na kuwatembeza wageni. Tuliomba wawili, mimi na Kastori. Kastori ana cheti cha kidato cha nne. Mimi nina hamu, na hamu yangu ilikuwa inanitetemesha, kwa sababu ndiyo kazi pekee niliyowahi kuisikia duniani ambayo mtu anaajiriwa kwa kupanga vitu vikae sawa. Nikiikosa, basi ni mimi na mikahawa ya baba mpaka mgongo upinde.

Wa kuamua alikuwa Bi Zuhura, afisa utamaduni wa wilaya, mama wa Tanga, mpole wa sauti lakini macho yake hayapitwi na kitu. Alisema atatuchukua kila mmoja kwa siku yake, tukaone makumbusho madogo ya wenzetu, na yeye atuangalie tunavyojiweka mbele ya watu. Kastori alitangulia. Akarudi, nikamuuliza mlifanya nini, akasema, "Tuliangalia vitu." Basi. Nikaona kazi ni yangu.

Siku yangu ikafika, tukapanda Landrova ya wilaya. Kituo cha kwanza kilikuwa parokia moja ya milimani, yenye chumba kimoja cha mikuki, ngao na mashine ya zamani ya kumenyea kahawa. Mlango uko wazi. Mimi, mtoto niliyelelewa, nikasimama nje nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga tena. Kimya. Nikapiga ya tatu kwa sauti ya kanisani, ndipo bruda mwenye funguo akatokea nyuma yetu na ndoo ya maji ya nguruwe, akauliza, "Kijana, unampigia hodi nani, mikuki?"

Bi Zuhura akacheka. Si kidogo, alicheka akajishika kwenye kizingiti. Bruda naye, badala ya kuniacha, akaendelea: "Hii si nyumba ya mtu. Makumbusho mlango ukiwa wazi, unaingia, unatazama. Watalii wangekuwa wanapiga hodi tungekesha tunaitika."

Mimi mwenyewe nikacheka (kicheko kile cha meno tu), lakini ndani niliungua. Njia nzima ya kuteremka ziwani, huku Landrova inaruka mashimo, sikuona milima wala sikuona ziwa lilipotokea chini yetu, nilikuwa nawaza kitu kimoja: Bi Zuhura ameona kwamba mimi ni mshamba nisiyejua taratibu za makumbusho. Na hapo ndipo nilipokata shauri, shauri dogo tu, ambalo ningeweza kulikata vinginevyo na leo tungekuwa tunaongea mambo mengine. Niliapa kwamba kituo kinachofuata naingia moja kwa moja. Bila hodi.

Kituo kinachofuata kilikuwa nyumbani kwa Mwalimu Aidani, mstaafu wa Lipingo aliyekusanya vitu vya Wanyasa na kuvipanga nyumbani kwake. Tuliacha gari kanisani, na njiani tukamkuta mama mmoja anaanika usipa, vile vidagaa vya ziwani, nikamwuliza makumbusho ya Mwalimu yako wapi. Akaonyesha kwa kidevu. "Pale mbele. Nyumba ya bati yenye ua wa matete." Sasa nawauliza: mama yule alishindwa nini kuongeza kwamba nyumba za bati zenye ua wa matete ziko mbili, na kwamba katika mojawapo kuna matanga yanaanuliwa siku hiyo hiyo? Maneno machache tu! Lakini alirudi kwenye usipa wake.

Ile ya kwanza ilikuwa wazi. Na ndani ya ua, kwenye mikeka, nikaona nilichokuja kukiona: makasia, nyavu, kofia, koti, redio, chungu, jembe, taa ya kuvulia, na peke yake upande wa mbele, kitu kimefunikwa shuka jeupe. Watu wengi wamekaa kimya pembeni wanavitazama. Niambieni ukweli, hamjaona makumbusho hapo? Mimi nilifurahi hata, nikawaza, hawa Wanyasa wametupita, makumbusho yao yana watazamaji.

Nikaingia. Sikupiga hodi. Sikutoa shikamoo, na wazee walikuwa wamejaa benchi zima (hilo Mama akilikumbuka mpaka leo anaacha kula). Nikasimama katikati ya mikeka nikasema, "Karibu Bi Zuhura, tuanze na vifaa vya uvuvi," bila kugeuka kuona kama yuko nyuma yangu.

Hakuwepo. Alikuwa amesimama mlangoni, akapiga hodi yake, akaitikiwa, akaona kanga zilivyofungwa viunoni na macho mekundu ya kina mama, akavua viatu, akaketi kwenye jamvi pamoja nao. Anasema aliniita mara mbili. Anasema nilimjibu, "Maswali mwishoni, tafadhali." Sikumbuki, lakini naijua sauti yangu, huenda nilisema.

Kilichoniudhi kama mtaalamu ni mpangilio. Vitu vilikuwa vimerundikwa mafungu manne bila kichwa wala miguu, koti na kasia, chungu na kofia, nyavu na mto wa kulalia. Mfukoni nilikuwa na vipande vya karatasi ya manila nilivyokata nyumbani na kalamu nene, kwa sababu naamini makumbusho yasiyo na maelezo ni ghala tu. Nikaanza kazi. Nguo nikazikusanya na nguo, vyombo na vyombo, zana za ziwani peke yake, na kila kitu nikakiwekea karatasi. Koti nikaandika VAZI LA ASILI. Redio nikaandika CHOMBO CHA KALE CHA MAWASILIANO.

Watu wakaanza kucheka. Kwanza mmoja, halafu benchi zima. Mzee mmoja mfupi mwenye mvi alimpiga mwenzake begani akasema, "Huyu Mmatengo ameletwa na nani? Anaijua kazi!" Mwenzake akasema, "Mtani kamili. Ila angalia anavyolishika kasia, kama nyoka. Hawa wa milimani wanaogopa maji hata ya kunawa!"

Ndiyo, sisi na wao ni watani, na mnajua mtani ana ruhusa ya kuingia msibani na kuvuruga ili watu wasife kwa huzuni. Walidhani nimetumwa. Mimi nikadhani wamefurahishwa na maelezo yangu! Kwa hiyo nikazidisha. Nikawaambia kwamba redio ya namna hii ilitumiwa na mababu zetu, kijana mmoja aliyekaa chini akasema, "Mababu? Jana tumesikilizia mpira!" watu wakaangua kicheko, hata mama mmoja mzee aliyejifunika kanga usoni mabega yake yalitikisika, nikaona naam, Bi Zuhura ashuhudie mwenyewe jinsi ninavyowachangamsha wageni.

Halafu nikaenda kwenye kile kilichofunikwa. Nikasema, "Kitu cha maonyesho hakifunikwi, ndugu zangu," nikavuta shuka. Chini yake kigoda cha miguu mitatu, mti mweusi, kimechakaa katikati kwa kukaliwa. Kizuri sana. Nikasema, "Na hivi ndivyo wazee wetu walivyokaa." Nikakaa.

Kicheko kilikatika kama taa iliyopulizwa.

Yule mama mzee akafunua uso, akanitazama nimekaa pale, akaanza kulia kwa sauti. Yule mzee mfupi mwenye mvi akasimama taratibu, akaja mpaka mbele yangu.

"Mtani," akasema, "mzaha wako umevuka mpaka. Nani amekutuma?"

"Wilaya, mzee," nikajibu, bado nimekaa.

"Wilaya?" Akageukia watu. "Jamani, mnasikia? Kahawa serikali imejitoa, samaki imejitoa, kila kitu soko huria, kumbe imebaki kuja kugawa nyavu za kaka yangu!"

Ndipo nikageuka kumtafuta Bi Zuhura, nikamwona amekaa na waliofiwa, kiganja usoni, na ndipo nikaelewa, lakini sikuwahi kusimama mwenyewe. Waliniinua wao. Yale mafungu manne, nikaambiwa huku nimeshikwa mikono, walikuwa wamebishana wiki nzima kuyagawanya, hili la mjane, yule mama mzee, hili la binti, haya ya wana wawili, na asubuhi ile ndiyo walikuwa wamepatana. Kigoda kilikuwa cha yule mzee mfupi, Mzee Lukasi. Alikuwa akalishwe mchana ule mbele ya ukoo, arithi jina la kaka yake. Akalishwe yeye kwanza.

Binti wa marehemu alikuwa ameshapiga magoti kwenye mkeka anapekua. "Koti la baba liko wapi? Nani ameliweka na mashati ya kaka?" Kaka yake akasema koti halikuwa fungu lake tangu awali, binti akasema lilikuwa, mke wa kaka akaingilia, na ugomvi wa wiki nzima ukaanza upya mbele ya macho yangu, kwa sababu nimezipanga nguo na nguo.

Niliomba radhi, niliomba kwa kila lugha ninayoijua. Mzee Lukasi akanitazama, nadhani aliona kwamba mimi si mhuni, ni mjinga tu, akasema, "Umeingia kama mtani, utalipa kama mtani." Wakanipaka unga wa muhogo uso mzima, wakanipa ndoo, nikaambiwa nichote maji ziwani kwa ajili ya wapishi mpaka waseme basi, na niibebe kichwani kama wanawake. Wakati napandisha ndoo, maji yananichirizikia kwenye unga na kuwa uji, nikapishana na mzee aliyevaa tai akitoka nyumba ya pili ya bati yenye ua wa matete. Akasimama. "Samahani kijana," akasema, "wewe ndiye mgeni wangu wa makumbusho? Nimewasubiri tangu asubuhi." Alikuwa Mwalimu Aidani. Nikasema shikamoo Mwalimu, ndiyo shikamoo yangu ya kwanza siku ile, na ndoo ikamwagika.

Bi Zuhura aliyaona makumbusho ya Mwalimu peke yake. Mimi sijayaona mpaka leo. Kwenye gari, tulipoanza kupanda mlima, akasema, "Osmund, vitu unavijua kuliko Kastori. Lakini mdogo wangu, vitu vina wenyewe." Nikamwambia, "Lakini Bi Zuhura, si ulinicheka mwenyewe nilipopiga hodi parokiani?" Akasema, "Nilikucheka. Sikukuambia uache." Sasa hilo ndilo linaloniuma, na nitaliuliza mpaka kaburini: ukimcheka mtu kwa jambo, umemwambia nini kama si aache?

Kazi akapewa Kastori. Siku ya kufungua nilienda, nilikuwa nimekataa lakini Mama alisema nisipoenda watu watasema nina kijicho, na wangesema kweli. Mlango wa ghala ulikuwa wazi. Nikasimama nje.

"Hodi."

Ndani kimya. "Hodi!" Watu wananipita wanaingia, wananitazama. "Hodi hapa!"

Kastori akachungulia, shati limenyooshwa. "We Osmund, ingia bwana! Makumbusho hayapigiwi hodi."

"Karibu, useme karibu," nikamwambia. "Siingii mpaka uniambie karibu."

Akaniambia karibu, huku anacheka. Nikaingia nikitoa shikamoo kwa kila mzee. Na pale katikati, juu ya meza, wamekiweka kigoda cheusi cha miguu mitatu. Mzee Lukasi alikataa kukikalia baada yangu, akachongewa kipya, na hiki akampa Bi Zuhura akilete huku juu. Chini yake kuna karatasi ya manila kwa mwandiko mbaya wa Kastori: KIGODA CHA LIPINGO. ALIYEKIKALIA MWISHO NI OSMUND WA MKUMBI.

Niliisoma mara nyingi. Imebandikwa upande, ndugu zangu, kona ya kulia imepanda, ya kushoto imeshuka, mtu yeyote mwenye macho anaona. Nikafunga mikono nyuma ya mgongo, nikaikamata kwa nguvu. Karatasi sikuigusa.