Sura Zilizobaki Baada ya Kufunga Matunda

Kasereka alikuwa fundi wa kupanga maparachichi makashani, kazi aliyoipata Kampala baada ya kukimbia ghasia za kwao Kongo. Wazungu walionunua matunda yale walikuwa na sharti lisilopinda: kashani pasiwe na jani, nyasi wala udongo, maana humo ndimo wadudu hujificha. Kila tunda livikwe karatasi safi. Lakini Mhindi aliyeuza karatasi hiyo alikwisha kufukuzwa nchini, dukani mwake sasa mlilala mbuzi. Ghala la matunda nalo alipewa Kapteni mmoja wa kambi ya jeshi ya Mbuya.

"Funga na majani ya ndizi," alisema Kapteni. "Kwani hii matunda ni bibi harusi?"

"Afande, huko watayachoma yote."

"Wakichoma, mimi nachoma wewe."

Askari wakacheka. Kasereka naye akacheka, kwa kuwa kutocheka nako kulikuwa kosa.

Siku ya kusafirisha akaja mkaguzi wa mimea, Bi Acayo, mwanamke ambaye mumewe aliitwa kambini asirudi. Bila sahihi yake mzigo haupandi ndege. Aliyaona majani, akafunga kalamu.

"Sitii sahihi, fundi. Mzigo ukikataliwa, mimi na wewe shimo letu moja."

"Basi nipe karatasi, mama."

Akatazama mlangoni, kisha akaelekeza kidevu kwenye rundo la magazeti ya serikali. Kila gazeti lilibeba sura ya Mkuu wa nchi: anakagua gwaride, anakata utepe, anacheka. Kulivika tunda sura ile, mgeni aibandue na kuitupa jaani? Watu walikuwa wamepotea kwa madogo kuliko hayo.

"Una mkasi?" aliuliza Kasereka.

Wakaketi sakafuni wakizikata sura zile, bila kutazamana. Maparachichi yakavikwa matokeo ya mpira na bei ya pamba. Sahihi ikatiwa. Huko ughaibuni mzigo ukapokelewa, Kapteni akaagiza mwingine.

Zikabaki sura. Kuzichoma ni uhaini, kuzitupa ni uhaini, na kuziacha ghalani, askari angeuliza kiwiliwili kiko wapi. Kasereka akazificha chini ya shati mpaka chumbani kwake Kawempe, akakoroga uji wa muhogo, akazibandika ukutani.

"Huyu atakula nasi?" mkewe Perpétue alinong'ona.

"Shika hapo, nibandike."

Kila mzigo ulileta sura nyingine. Jirani waliozoea kuomba chumvi wakaacha kubisha hodi. Walimdhani mtu wa usalama. Perpétue akawa havui kitenge mpaka koroboi izimwe. Habari zikamfikia Kapteni, akaja kujionea, akazunguka chumba kile akitikisa kichwa kwa furaha.

"Mkongo mzalendo! Wewe huendi popote. Utazeekea kwa ghala yangu."

"Asante, afande," alisema Kasereka.

Kesho yake kulikuwa na mzigo mwingine, na kuta zilikuwa zimejaa. Nafasi ilibaki darini tu, juu ya kitanda.