Chura Ndani ya Sanduku la Akina Mama

Nilitia chura ndani ya sanduku la akiba la akina mama wa Mkuyuni. Chura mzima, mnene, wa mtaroni. Kufuli nililifungua kwa spoki ya baiskeli, nikalifunga tena, nikaenda shule kuimba nyimbo za kujitegemea.

Msinihukumu bado. Kikundi cha Buzuruga kilikuwa kimesambaratika baada ya mweka hazina wao kupanda basi na akiba ya wenzake. Nikawaambia wa kwetu: nanyi wekeni mkaguzi. Wakacheka. "Sisi tunaaminiana, baba. Kachote maji." Mweka hazina wao ni mama yangu. Alipokea yeye, alitunza yeye, alihesabu yeye, na ufunguo aliufunga kwenye pindo la kanga yake. Basi nikasema, hawa hawasikii maneno, wataona.

Waliona. Jumapili mama alipofungua sanduku mbele yao, chura aliruka hadi mapajani kwa mwenyekiti. Mayowe, vicheko, mmoja alitoka nje na kiatu kimoja. Kisha mwanachama mmoja, muuza dagaa ambaye alikuwa hasalimiani na mama tangu ugomvi wa kuku, akauliza taratibu, "Kama chura ameingia, nini kimetoka?"

Kicheko kikakatika. Wote wakamtazama mama. Hapo ndipo nilipouona upumbavu wangu: ufunguo ulikuwa mmoja tu, na mwenye nao ni yeye.

Nikajitokeza mlangoni. "Shikamooni. Ni mimi." Nikalifungua kufuli kwa spoki mbele ya macho yao.

"Toba!" alisema mwenyekiti. "Kumbe mwizi tunamlisha wenyewe!"

Wakahesabu. Haikupungua hata senti. Wengine wakaanza kujifunga kanga waondoke. Yamekwisha, si tunaaminiana? Mama akawazuia.

"Kaeni. Leo zimetimia. Siku nyingine nani atanishuhudia?" Akafungua pindo, akamkabidhi muuza dagaa ufunguo. "Shika wewe usiyenipenda. Sanduku libaki kwangu. Kuhesabu ahesabu mwingine, si mimi wala wewe."

"Nikikuta zimepungua nitapiga kelele mpaka Magu wasikie."

"Ndiyo maana nimekupa wewe."

Walipoondoka nikasimama ukutani kungoja fimbo. Mama alikuwa anakunja mkeka. Akasema, "Kufuli jipya, lisilofunguka kwa spoki, utalinunua wewe. Na huyo chura mrudishe mtaroni, hajalipa kiingilio."