Faneli ya Mwalimu

Leo mwanafunzi wangu ameniaibisha mbele ya darasa, na tangu hapo natabasamu peke yangu.

Mimi ni mwalimu wa kemia huku Siakago. Asubuhi, kabla wanafunzi wa kidato cha nne waingie maabara, nilipima asidi inayotosha kubadilisha rangi ya myeyusho ulio kwenye chupa. Nikapata mililita 23.6.

Karatasi ya jibu nikaisahau mezani.

Mnajua wanafunzi wetu. Kwao, jibu la mwalimu ndilo lenye maksi. Walipomaliza jaribio, kukusanya vitabu hivi, wote 23.6. Wote!

Isipokuwa Wanja. 24.2.

"Wanja, ni wewe pekee umekosea?"

"Mwalimu, nimerudia mara tatu."

Darasa likacheka. Hata mimi nilicheka kidogo, Mungu anisamehe.

Nikaenda mezani kwake nimwonyeshe. Nikainama, jicho sawa na alama za bureti, ule mrija wa kupimia asidi, nikaachilia asidi tone kwa tone hadi rangi ikageuka.

24.2.

Wanja akauliza, kwa heshima kabisa: "Mwalimu, asubuhi ulitoa faneli?"

Nikageuka. Bureti yangu ilikuwa pale mbele, faneli ya kumiminia asidi bado imekaa juu yake. Kumbe matone yaliyobaki humo yalikuwa yakiingia ndani nikiendelea kupima, na kipimo kikasomeka pungufu! Na mimi ndiye huwafokea kila wiki: toeni faneli!

Nimefuta 23.6. Darasa lote limerudia, mimi pia, Wanja akiwa amesimama nyuma yangu kuhakikisha nimeitoa.

Walimu wenzangu, chekeni tu. Lakini nyinyi mna Wanja?