Nilichoandika Kuhusu Mama Mdogo

Mama mdogo wangu alizikwa bila sala ya mtu yeyote. Ilikuwa saa nane mchana, mvua ya masika imekatika kidogo, na watu wapatao sitini tulisimama kwenye mteremko wa migomba ya ukoo tukisikiliza udongo ukigonga jeneza. Waliolibeba walikuwa majirani Waislamu. Walipolishusha walirudi nyuma wakasimama kimya, kwa kuwa si wao wa kumwombea Mkristo mbele ya Wakristo walionyamaza. Wanakwaya wetu walibaki juu njiani chini ya miamvuli yao. Hakuna aliyewakataza kushuka. Walijua tu nilichokiandika.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na miaka ile nilikuwa katibu wa jumuiya. Kijiji chetu kiko Uluguru, kwa mwendo wa saa mbili kupanda kutoka gari linapoishia. Nyumba kumi na nne za Wakatoliki tulikuwa tukisali pamoja kila Jumamosi alfajiri, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Daftari la mahudhurio nililichora mwenyewe kwa rula: yupo, hayupo, ana udhuru. Asiyefika mara tatu mfululizo bila udhuru, jina lake linakwenda kwa katekista. Utaratibu huo haukuwa wangu, lakini kabla yangu hakuna katibu aliyeufuata kikamilifu.

Mama mdogo, mdogo wake mama yangu na ndiye aliyenilea, alikosa Jumamosi nne. Nilipomuuliza alisema anakwenda kuchota maji. Jumamosi ya tano sikwenda kusali. Nilimfuata.

Alishuka hadi kwenye chemchemi iliyo chini ya shamba lake la kabichi. Nilisimama nyuma ya mgomba, hatua kama thelathini. Aliweka ndoo chini, akafungua pindo la kanga, akatoa unga mweupe akaumwaga chini ya jiwe. Kisha akapiga magoti, midomo ikicheza, kwa muda mrefu kuliko sala yoyote ninayoijua. Mto unaopita kando ya chemchemi ulikuwa umejaa, sikusikia neno. Nikarudi nyumbani nikaandika taarifa, tarehe na saa, na mwisho wake nikaweka sentensi hii: "Anaomba mizimu."

Niseme na hili. Siku niliyoshuka kwenda chuo Mazimbu, mjomba wangu alinipaka unga kwenye paji la uso na kuwataja marehemu wa ukoo mmoja mmoja. Nililia kwa furaha. Jambo hilo sikuwahi kuliandika popote.

Katekista alimsimamishia sakramenti mpaka ajieleze. Jioni ile ile mama mdogo alikuja kwangu na kikapu cha njegere, kama kawaida yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nasikia umeniandika."

"Nimeandika nilichoona."

Alicheka. "Macho yako ni makali tangu utotoni. Ulikuwa unachungulia sahani ya mwenzio kuona kama nyama yake kubwa kuliko yako."

"Nenda kwa katekista ukajieleze, mama. Ni maneno mawili tu, yataisha."

"Nikajieleze kwa yule? Nimemfuta makamasi yule." Akaanza kumenya njegere zangu bila kuombwa. "Wewe ndiye uliyeandika. Kafute wewe."

"Daftari halifutwi."

"Mbona hujaniuliza nilikuwa nasema nini?"

Nilimjibu kwamba kuuliza si kazi ya katibu. Alimaliza kumenya, akayakusanya maganda kwenye kanga yake ili asichafue uwanja wangu, akaondoka.

Tangu siku hiyo kila mmoja alimngoja mwenzake aende kwa katekista. Alikuja kusali Jumamosi mbili, akaketi karibu na mlango, na wanawake wakasogeza mikeka yao mbele. Hakuja tena. Nilimwandikia "hayupo" kwa kalamu nyekundu.

Masika yalipoanza alishikwa na kichomi. Siku ya tatu alimtuma jirani yake, bibi wa Kiislamu aliyekuwa akienda naye kutafuta kuni, aje kuniita. Nilimkuta amelala upande, pumzi fupi.

"Nataka padre," alisema. "Nataka mafuta ya wagonjwa."

Nilikwenda kwa katekista nikitembea haraka, sikukimbia. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni.

"Padre yuko kigango cha mbali, na njia imekatika," alisema. "Hata akija ataniuliza kama huyu mama amepatanishwa. Nitamwambia nini, mwalimu? Taarifa ni yako."

Ningeweza kusema palepale kwamba sentensi ya mwisho ilikuwa dhana yangu. Nilisema, "Ni kweli, ni yangu." Niliporudi, bibi alikuwa ameshamfunga kidevu kwa kitambaa.

"Mlimuuliza?" bibi aliniuliza.

"Kuhusu nini, bibi?"

"Basi hamkumuuliza." Akageuka kutafuta maji ya kunawa.

Mwaka huu tumepata padre mpya. Mjomba wangu, kaka yao mkubwa, alishuka parokiani kuomba msalaba na misa kwa dada yake. Padre alifungua faili, akaikuta taarifa, akaniita.

"Hapa unasema alikuwa anaomba mizimu. Ulimsikia?"

"Hapana, padre. Mto ulikuwa na kelele."

"Ulijuaje?"

"Niliona unga."

Akanipa karatasi safi. Akasema niandike upya yale niliyoyaona na kuyasikia, nisiongeze, na mwishoni niseme kama mama mdogo alikufa Mkristo au la, maana shahidi ni mimi peke yangu.

Msalaba mjomba ameshauchonga. Ameuegemeza kwenye ukuta wa jiko lake, na umeanza kushika masizi. Kila nikipita hapo ananiuliza, "Umemaliza, mwalimu?" Tangu mazishi hajaniita "mjomba", kama alivyozoea kumwita mpwa wake.

Karatasi iko mezani kwangu. Nimeandika kuhusu ndoo, unga, magoti na midomo. Nimeandika kwamba aliomba padre siku ya kufa. Sehemu ya mwisho iko tupu, na padre anapanda Jumamosi.